Dobi wa Foulness

Mjomba wangu alikuwa dobi, tena dobi hodari, na kama angeridhika na hilo nisingekuwa na la kusimulia. Shati likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka hadi mwenyewe akaogopa kukaa. Lakini mjomba hakutaka kuitwa dobi. Neno lenyewe aliliona lina harufu ya sabuni ya mche na maji ya jana. Alitaka kuitwa kwa Kiingereza, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kile cha kusoma vitambaa vya ndani ya kola: koton, hendi woshi, woma airon. Kwa elimu hiyo ya kola, na kwa kuwa yeye mwenyewe alivaa kola iliyotiwa wanga mpaka ikamchora mstari mwekundu shingoni, mtaa mzima ulimwita Bwana Kola. Yeye alidhani wanamheshimu.

Nilikwenda kufanya kazi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika. Alinipokea mlangoni, akanitazama mimi na begi langu, akasema, "Mpwa wangu, mwanamke aliyeachika ni kama shati lililoungua. Hatulitupi. Tunalitumia kufutia pasi." Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake, na sina budi kusema kwamba alijitahidi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vilivyofuatana kama mabehewa. Mbele kulikuwa na kaunta na fito za kutundikia nguo zilizokwisha. Katikati meza za pasi. Nyuma kabisa ua wenye bomba, makarai na kamba za kuanikia. Mke wake, ambaye nilimwita Mama kama wanawe walivyomwita, alishinda huko uani na mikono iliyoloa mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa katikati na pasi. Mjomba zamani alikuwa kila mahali, lakini kadiri alivyozidi kujipenda ndivyo alivyosogea mbele, mpaka ikafika siku hakuvuka tena mlango wa kati kuja upande wetu. Alisema mvuke unamharibia kola.

Sasa, mtaani kwetu majina makubwa ya biashara yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Kinyozi alikuwa London. Muuza viatu vya mitumba alikuwa Paris. Jamaa wa kuchaji simu, katika kibanda ambacho mtu akipiga chafya kinayumba, alikuwa New York. Mjomba aliwadharau wote.

"Majina ya watu wasiosafiri," alisema, yeye ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kumzika baba mkwe.

Shule moja jirani ilipofungwa na vifaa vyake kuuzwa, mjomba alirudi na ramani kubwa ya Uingereza ya kutundika ukutani. Aliinunua kwa sababu rangi ya ukuta wa mbele ilikuwa inabanduka kwa unyevu na alitaka kuficha aibu. Lakini ramani ikishatundikwa lazima mtu aisome, na mjomba alianza kusimama mbele yake kila asubuhi na miwani yake, mikono nyuma, kama jenerali anayepanga vita.

"Nataka jina," aliniambia, "ambalo hata Mwingereza akilisikia atashtuka. Aseme, huyu bwana amelijuaje?"

Siku moja kidole chake kiliteremka upande wa mashariki, kikapita karibu na pale mto wa London unapomwagikia baharini, kikasimama kwenye maandishi madogo pembeni kabisa mwa nchi.

"Faul-nes," alisoma. Akarudia, safari hii amefumba macho. "Faulnes! Umesikia linavyotua? Maneno yote ya heshima katika Kiingereza yanaishia na nes. Bizines. Hapines. Witnes wa mahakamani."

"Maana yake nini, mjomba?"

"Jina la mji halitafutiwi maana. Lina hadhi tu."

Mama alikuwa amechungulia mlangoni na povu mikononi. "Mbona kama faulo? Ile ya mpira?"

"Unaona?" mjomba aliniambia bila kumgeukia mkewe. "Ndiyo maana yeye yuko uani."

Mchora mabango naye aliuliza swali hilohilo alipokuja na chaki yake kupiga mistari juu ya mlango. Mjomba alimjibu kwamba kazi yake ni rangi, si lugha. Basi jamaa akachora. Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kubwa kuliko dirisha: FOULNESS. Na chini yake, kwa wale tusiojaliwa, DOBI WA MABWANA. Mjomba alivuka barabara kulitazama bango kutoka upande wa pili, akakaa huko muda mrefu hadi Mama akadhani ameibiwa.

Kuanzia hapo uongo ulianza. Mteja akiuliza Foulness ni wapi, mjomba alishusha miwani na kusema ni mji wa mabwana wakubwa, ambako mtu hatoki nje na mkunjo hata kama nyumba inaungua. Mara ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Lakini mji ule haukukaa kama ulivyokuwa. Ulikua. Wiki hii ulikuwa na meya mwenye mkufu wa dhahabu, wiki ijayo ulikuwa na mtaa mzima wa mafundi suti, na baadaye likaongezeka ziwa ambalo hata bata wake waliogeshwa. Nadhani ilifika mahali mjomba mwenyewe aliukumbuka kama mtu anavyokumbuka alikozaliwa.

Na kama uongo peke yake haukutosha, aliwalazimisha watu kulitamka jina. Mama mmoja muuza mboga, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuja kuchukua suruali ya mumewe.

"Suruali imeletwa wapi?" mjomba alimuuliza, ameikumbatia.

"Hapa hapa kwako, mwanangu."

"Hapa ni wapi? Sema Faulnes ndipo nikupe."

"Faulo... Faulonisi."

"Rudia."

"Mwanangu," yule mama alisema, "naomba suruali. Mzee wa watu amekaa kitandani na taulo."

Alipewa baada ya jaribio la tatu, na hakurudi tena. Mjomba alisema wateja wa aina ile wanashusha jina.

Hoteli mpya ilifunguliwa karibu na stendi. Meneja wake alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikuwa amesikia kwamba mashati ya Bwana Kola hayana mfano, akaja mwenyewe kutazama, maana alitafuta mtu wa kufua shuka, mataulo na vitambaa vya meza vya hoteli nzima. Kazi ya namna ile dobi anaiota tu. Mjomba alipoliona gari lenye nembo ya hoteli alikimbia kubadilisha kola.

Meneja alishuka. Akainua macho juu ya mlango. Nilimwona kupitia dirishani: alisoma, akakunja uso, akasoma tena, kisha akaweka mkono mdomoni. Alipoingia ndani machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu Faulnes."

Hapo ndipo alipopasuka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mjomba naye akacheka kidogo kwa adabu, akidhani ndivyo mameneja wanavyosalimiana.

"Samahani, mzee," alisema akijifuta. "Nani alikupa jina hilo?"

"Nimelichagua mwenyewe. Ni mji wa Uingereza. Mji wa mabwana."

"Sijui habari za mji. Mimi najua neno. Hiyo faul mwanzoni ni chafu. Na hiyo nes mwishoni ni kama ile 'u' yetu. Chafu, uchafu. Mzee wangu, wewe ni dobi, na mlangoni umeandika Uchafu. Kwa herufi zenye kivuli!"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo walitazamana. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa kati na pasi mkononi, na namshukuru Mungu niliikumbuka kabla haijanichoma. Mjomba alianza kupanga upya hanga zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Ukilibadilisha, niite," meneja alisema kwa upole, akaenda zake.

Wale wateja wawili walitosha. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua. Watu ambao hawakuwahi kusoma bango lolote maishani mwao walikuja kusimama upande wa pili wa barabara ili wajisomee wenyewe. "Unakwenda wapi na furushi hilo?" "Nakwenda Uchafu." "Na shati lako limepigwa pasi wapi?" "Uchafu, unaona lilivyong'aa?" Vijana wa mpira wakipita walipuliza filimbi na kumwinulia mjomba kadi nyekundu. Kinyozi wa London, ambaye mjomba alimdharau kwa miaka, alitoa kiti nje na kukaa akitazama tu, kama mtu aliyelipia.

Na hebu tazama mambo: wateja waliongezeka. Wengine walileta nguo safi kabisa ili wapate la kusimulia. Mama alifua mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana kama karatasi iliyolowa, mimi nikapiga pasi mpaka nikaota napiga pasi, na mjomba, aliyekuwa hajawahi kupata kazi nyingi namna ile, alikaa nyuma ya kaunta amevimba kama kaumwa na nyuki.

"Baba watoto, ling'oe hilo bango," Mama alimwambia. "Au liache tucheke na sisi. Moja kati ya hayo mawili."

"Sicheki na wajinga."

"Basi ling'oe."

"Siwaogopi wajinga."

Alimaliza siku kadhaa akisingizia mafua. Halafu asubuhi moja akavaa kola mpya, akaniambia nivue aproni, tunakwenda maktaba. Alitaka mtu wa kusikia kwa masikio yake. Njia nzima alitembea mbele yangu akisema kwamba yule meneja ni mtu wa funguo, si mtu wa vitabu.

Mkutubi alikuwa kijana mnyamavu mwenye mafua ya kweli. Alileta kamusi kwanza. Akapitisha kidole, akasoma, na kwa bahati mbaya akasoma kwa sauti: uchafu, uvundo, uovu, jambo la kuchukiza. Mjomba alikuwa anasinyaa kwa kila neno. Mimi nilitazama dari.

"Lakini mzee anasema ni jina la mahali," kijana alisema akipenga kamasi. "Kuna kitabu kingine."

Akaenda nyuma ya makabati, akarudi na kitabu kikubwa cha majina ya miji na vijiji vya Uingereza na asili zake. Akasoma polepole, akitutafsiria. Jina lile halihusiani na uchafu hata kidogo. Ni la Kiingereza cha kale, enzi ambazo Waingereza wenyewe wa leo wasingeelewana na babu zao. Nusu ya kwanza ilikuwa neno la ndege, ndege wenye mbawa. Nusu ya pili ilikuwa neno la rasi, ulimi wa nchi unaoingia baharini. Rasi ya Ndege. Karne zikapita, watu wakaandika walivyosikia, na neno la ndege likaja kuandikwa sawasawa na neno la uchafu. Basi.

Mjomba alinishika mkono. "Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na mji wenyewe?" alimgeukia mkutubi. "Una meya?"

Kijana alifungua kitabu kingine. "Hakuna mji, mzee. Ni kisiwa. Tambarare, tope pembeni, mashamba katikati, vijiji viwili vidogo. Ardhi ni ya jeshi, wanajaribia mizinga huko. Mgeni haingii bila kibali." Akafikiri kidogo. "Wala si jina linalosemwasemwa. Labda na wenyeji wa pande hizo, na wanajeshi, na watu wanaopenda kutazama ndege. Mwingereza wa kawaida akilisikia huenda atafikiri kama alivyofikiri huyo meneja."

Mtu mwingine angesikia yote. Mjomba alisikia ndege. Tulipotoka pale nje alikuwa amekwisha kusahau tope, amesahau mizinga, na mji wake wa mafundi suti ameuzika bila hata kuulilia. Alitembea kifua mbele akisema "rasi, rasi" mpaka watu wakatupisha njia.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hotelini, mimi nyuma yake kama mkoba. Meneja alikuwa mapokezi akigombana na mtu wa maua. Alitukaribisha vizuri, akatuketisha, na mjomba akaanza. Alianza na Kiingereza cha kale. Akaja kwa ndege. Akaja kwa rasi. Alieleza jinsi herufi zinavyopotoka mtu asipoziangalia, kama kola. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka hata mara moja, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Mzee wangu," alisema, "nakuamini. Kila neno. Lakini mgeni wangu haendi maktaba kabla ya kulala. Anaona gari limeandikwa Foulness limeleta shuka zake, anapiga simu mapokezi."

"Atafundishwa."

"Amelipia chumba, hakulipia darasa." Akaegemea mbele. "Sikiliza. Badilisha jina tu. Weka lolote, weka jina la mkeo. Kesho asubuhi shuka zote ni zako."

Sitasahau sura ya mjomba dakika ile. Niliona anazitaka zile shuka. Niliona anafikiria meza mpya, mashine, kamba za kuanikia mpaka kwa jirani. Kisha akasimama, akanyoosha koti.

"Bibi meneja," alisema, "mtu hawezi kubadilisha jina sahihi kwa ajili ya watu wanaokosea."

Ni maneno ambayo, yakisemwa na mtu mwingine mahali pengine, ningeyapigia makofi. Yakisemwa na mjomba, ambaye jina lile alilipata kwa kuteremsha kidole ukutani na kulitungia meya, yalinifanya nitamani sakafu ifunguke. Meneja aliinua mabega. Tuliondoka. Nyumbani Mama alisikiliza habari yote huku akikamua blanketi, na alivyolikamua siku ile nilidhani litakatika.

Ili kuumaliza ubishi, mjomba akamwita tena mchora mabango. Akataka ndege juu ya herufi, ndege mwenye mbawa zilizokunjuliwa, ili kila apitaye aelewe. Mchora mabango alikuwa hodari wa herufi na kuku, kwa sababu alichora mabango ya mabucha. Ndege aliyetoka alikuwa na shingo ya bata, miguu ya jogoo na mbawa ngumu zilizonyooka pembeni. Matokeo yake tuliyaona wiki hiyohiyo. Bwana mmoja aliingia na sanduku la magurudumu, akauliza tiketi.

"Tiketi ya nini?" mjomba aliuliza.

"Ya ndege. Si nyie mnauza? Naona ndege hapo juu, na jina la nje."

"Huyo ni ndege wa mbawa!"

"Zote zina mbawa, mzee," yule bwana alisema, na kusema kweli hakukosea. Baada yake akaja mama aliyetaka vifaranga. Mjomba aliwaeleza wote wawili habari ya Kiingereza cha kale, na wote wawili waliangalia saa.

Mzaha wa mtaa nao ulichoka, kama mizaha yote. Watu walirudi kupeleka nguo karibu na kwao. Yule mama wa mboga alikuwa hayupo, na wengine waliofukuzwa kwa kutojua kutamka hawakuwepo pia. Kamba za uani zikaanza kuonekana, maana kamba huonekana zikiwa tupu. Mama alinikalisha kwenye karai lililogeuzwa.

"Mwanangu, hii nyumba ina milango mingapi?"

"Wa mbele na wa uani."

"Wa mbele ni wa mjomba wako. Mwachie. Mimi nakwenda hotelini."

Alikwenda vilevile alivyokuwa, na kanga aliyofulia, akarudi na meneja ndani ya gari. Hawakupita mbele. Walizunguka uchochoroni, meneja akaona makarai yalivyosuguliwa, akaona nguo ninavyozikunja, akauliza jina la biashara.

"Haina," Mama alimwambia.

"Jina zuri sana," meneja alijibu, na kesho yake shuka zikaja.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Uani gari liliingia na kutoka, mashine ya kufulia ikanunuliwa, wakaajiriwa wanawake wawili wa kusaidia. Mbele, mjomba alikaa chini ya ramani yake akiwa na mashati machache ya wazee waliomwonea haya, akieleza rasi na ndege kwa yeyote aliyekosea njia. Chakula alichokula kilitoka uani. Viatu alivyovaa vilitoka uani. Alisikia mashine inanguruma siku nzima nyuma ya mgongo wake na hakuuliza hata siku moja ni ya nini. Jioni akijaza tumbo alisema, "Jina limeanza kushika," na Mama akamwongezea mchuzi. Mimi ningemmwagia. Ila mimi ndoa yangu ilivunjika na ya kwao haikuvunjika, kwa hiyo labda kuna jambo sikujua.

Halafu akaja Mwingereza.

Alikuwa mgeni wa hoteli, mrefu, mwekundu kwa jua, na kamera shingoni. Alikuwa anapita zake, akaliona bango, akasimama, akacheka peke yake na kulipiga picha. Mjomba alimwona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alivuka kaunta akikimbia. Akaniita kwa sauti, maana nilikuwa nimefika darasa ambalo yeye hakulifika, ingawa huko nako hatukufundishwa neno foul, nikawa mkalimani kando ya barabara.

"Mwulize anatoka Uingereza?"

Nikauliza. Anatoka Uingereza.

"Mwulize Foulness anaifahamu?"

Nikauliza. Yule bwana alitabasamu, akatazama bango, akanitazama mimi kama anayetafuta mtego uko wapi. Akasema hapana. Hajawahi kusikia mahali kama hapo. Akadhani ni utani wa dobi.

Mjomba aliinua kidole. "Mwambie ni kisiwa chao. Mwambie ni Rasi ya Ndege."

Nilimwambia. Nikaeleza neno la kale la ndege, nikaeleza rasi, nikaeleza herufi zilivyopotoka, yote niliyokuwa nimeyasikia mpaka yakaniota mdomoni. Mwingereza alisema "kweli?" kwa adabu, na baadaye kidogo akasema "kweli?" tena, akaangalia barabarani kama teksi inakuja. Kisha akaniuliza kama najua pa kununua betri za kamera. Nikamwelekeza. Akashukuru, akaenda.

"Amesemaje?" mjomba aliuliza.

"Amesema asante."

Nilisema hivyo kwa uchovu tu, si kwa wema. Lakini mjomba aliganda pale kando ya barabara, kola imelegea kwa jasho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepewa nishani. Kwa miezi iliyofuata mtaa ulisimuliwa jinsi Mwingereza alivyokuja kwa miguu yake kujifunza nchi yake kwa Bwana Kola. Kinyozi wa London alimuuliza, "Mwingereza gani asiyejua kwao?" Mjomba akajibu kwamba Waingereza siku hizi si kamili.

Mwaka uliofuata mmoja wa wanawake wetu wa pasi alijifungua, mwingine akaumwa siku hiyohiyo, na hoteli ikawa imejaa wageni wa mkutano. Shuka zilikuwa zimepandana mezani mpaka sikumwona Mama upande wa pili. Tulikuwa tumekwisha kukata tamaa mlango wa kati ulipofunguka.

Mjomba aliingia. Alivua koti, akalitundika. Akakunja mikono ya shati. Alichukua pasi iliyokuwa imesimama bure, akaijaribu kwa kidole kilicholoa mate, akavuta shuka ya juu. Sikuwa nimemwona akifanya kazi kwa muda mrefu, nikasahau kidogo kumdharau. Pasi ilikwenda kama maji. Pembe zilikutana zenyewe. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Shuka za nani hizi?" hatimaye aliuliza, macho mezani.

"Za watu," Mama alisema.

"Watu gani?"

"Wanaolala."

Alitikisa kichwa kama aliyepata jibu kamili, akaendelea. Kabla ya chai alikuwa ameanza kulalamika: pasi hizi si za moto wa kutosha, wanga umetiwa na mtu kipofu, na mimi, baada ya miaka yote, bado sijui kukunja pembe. Mama alinitazama, akamtazama yeye, akasukuma kapu jingine kwa mguu mpaka likafika ubavuni pake.

"Hilo nalo," alisema.